Upepo wa Shokapu za Kapteni

Jumatatu, 6 Machi 1978

Amuna ametema sasa hivi. Nilimwingiza kidole mdomoni nikatoa kipete cha mpira, cheusi, kama shilingi ukubwa wake. Si cha kuchezea. Ni cha shokapu za Kapteni. Nimekifuta kwa kanga, nimekirudisha kwenye sahani na wenzake. Vinane, viko vyote. Alhamdulillahi. Mtoto amelia kama mimi ndiye mwizi. Ana meno manne tu na tayari anataka kula gari.

Gari iko uani kwetu tangu juzi Jumamosi. Nyekundu, milango miwili, chini-chini, hata kuku anainamisha kichwa akipita chini yake. Zamani ilikuwa ya Mhindi mwenye gereji hapa Arua, alikuwa anashindana nayo. Tahiru, baba Amuna, alianza kazi kwake, kuosha spana, baadaye breki. Mhindi akafukuzwa pamoja na wenzake, mwaka ule serikali ilipowatoa Wahindi wote nchini. Gari ikapita mikono mpaka ikafika kwa Kapteni Yakani.

Sasa Kapteni anaoa Koboko, Jumamosi hii. Anataka kutoka hapa mpaka kwa wakwe bila kukanyaga breki. Maili thelathini na tano za vumbi na mashimo. Watu waone anavyofika. Ndiyo maana ameletewa shokapu za kumeza mashimo, kwa ndege, mbili, za nyuma. Si kama zetu. Kila moja ina mkebe wake pembeni, mdogo kama wa maziwa, umeungwa kwa paipu nene. Tahiru amezizunguka siku mbili kama mtu aliyekuta nyoka mlangoni.

Hazikuja na mtu wa kuonyesha. Zimekuja na karatasi. Kiingereza! Tahiru hajui kusoma, mimi niliachia Praimari ya sita. Basi leo yeye kakaa juu ya tairi, mimi nimesimama nasoma, anautazama mdomo wangu. Mkebe uwekwe mahali penye baridi. Usiwe karibu na ekzosi. Paipu isikunjwe. Picha zimenisaidia. Chini kabisa palikuwa na mistari minne ya herufi ndogo, maneno marefu, sijawahi kuyaona. Nikakunja karatasi. Akauliza, imeisha? Nikasema imeisha.

Akamwambia Draku, mke wangu ndiye macho yangu. Nikajifanya natafuta mtoto.

Draku ni askari aliyewekwa kulinda gari. Mtu wa Vurra, mrefu, anakula kwetu mchana na jioni. Anasema, "Mimi nalinda gari, gari inalinda bwana yako." Anacheka mwenyewe.

Mimi sikucheka. Kabla yetu fundi wa Kapteni alikuwa Loku. Klachi ilimfia Kapteni njiani, Desemba. Walikuja kumchukua Loku kwa maswali kidogo tu. Mkewe Norah mpaka leo anapika sufuria ya watu wawili.

Jumanne, 7 Machi

Kazi kutwa. Tahiru amekata pipa la mafuta, ametengeneza mikanda ya chuma ya kushika mikebe. Ndani ya mkanda ametandika mpira wa tyubu ya baisikeli, chuma isikwaruze. Shokapu zenyewe zimekaa chini mahali pa zile za zamani. Mikebe ameipandisha ndani ya buti, mawe yasiipige. Ametoboa tundu mbili za paipu, akazizungushia mpira tena. Mimi nilikuwa ndani ya buti nimekunjika, nashika spana juu, yeye amelala chini anakaza. Nikimwambia bado, anasema bado. Nikimwambia basi, anasema basi. Tumefanya kazi kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Jioni Kapteni alikuja. Hakushuka haraka. Alikaa kwenye jipu yake anavuta sigara mpaka ikaisha.

"Fundi. Iko namna gani?"

"Iko mzuri, Afande."

"Jumamosi?"

"Jumamosi, Afande."

Halafu akamchukua Amuna kutoka mgongoni kwangu, akambeba vizuri, anajua kubeba mtoto. Akasema, "Hii mtoto iko na baba ya kazi. Baba kama hii, mutu hapendi apotee." Alikuwa anatabasamu. Akampa peremende.

Alipoondoka niliitoa mdomoni kwa mtoto nikaitupa chooni. Peremende haijaonekana Arua miezi. Nimeitupa.

Jumatano, 8 Machi

Imekwisha! Saa nane mchana kafunga nati ya mwisho.

Halafu akatoa upepo. Juu ya kila mkebe kuna valvu kama ya tairi. Tahiru anasema kila chombo chenye mafuta lazima utoe upepo, kama breki. Mhindi alimfundisha hivyo, akampiga na kofia mpaka akajua: upepo ndani ya mafuta ni adui, ukiuacha gari itakuua. Akabonyeza valvu kwa msumari. Fsssss. Ndefu sana. Amuna akacheka mpaka akakaa chini, akawa anapuliza mate naye, fsss, fsss. Akabonyeza ya pili. Sisi wote watatu tukacheka. Nilifikiri, Jumapili tutakwenda Koboko kumwona mama yake Tahiru, Mariam Poni, tumpelekee mtoto aone meno.

Jioni akaijaribu barabara ya Onduparaka. Vijana wa mpira waliacha mazoezi wakaisindikiza wakikimbia. Alirudi peke yake, polepole. Uso umebadilika.

Inagonga. Kila shimo, ko, ko, nyuma, kama mchi kwenye kinu kitupu.

Amekaza nati zote tena. Amekwenda tena. Inagonga.

Alhamisi, 9 Machi

Sikulala. Ile mistari minne.

Asubuhi nilimwambia Tahiru nakwenda kutafuta chumvi. Nikamfunga Amuna mgongoni, karatasi nikaiweka kifuani, nikaenda kwa Filda. Filda ni nesi, tulikuwa dawati moja, yeye akaendelea. Alisoma akiwa amesimama mlangoni. Akasoma mara ya pili.

"Mmefungua hii valvu?"

Nikakaza kanga ya mgongoni.

"Humo ndani si upepo wa bure, dada yangu. Ni gesi, imeshindiliwa, paundi mia mbili. Ndiyo inasukuma mafuta yasitoke povu. Wamesema usifungue kabisa. Ikitoka, shokapu irudishwe kiwandani."

Nikauliza kiwanda iko wapi. Akageuza karatasi. Ulaya.

Nikakumbuka ile chupa ya wachoma vyuma, kule sokoni. Nikamuuliza, gesi ya kuchomea je, haiwezi? Akanishika mkono kwa nguvu. "Ile ni oksijeni. Oksijeni na mafuta ni moto. Sisi hospitali hata vaselini hatupaki tukigusa chupa yake. Mwambie Tahiru asithubutu."

Njiani nilikaa kwenye majani nikamnyonyesha Amuna. Hakuwa na njaa. Mimi ndiye nilitaka kukaa.

Nilimwambia Tahiru yote. Ningeweza kusema herufi zilikuwa ndogo. Nilisema kweli: niliziona, maneno yalinishinda, nikaona haya, nikaruka, nikakuambia imeisha. Alikuwa anafuta mikono. Akaifuta muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema, "Hata ungesoma ningetoa. Nani anaacha upepo kwenye mafuta?"

Mwongo. Angeacha. Nikiisoma, yeye anashika. Miaka mitatu ya ndoa sijapata kuona akibisha kitu nilichosoma.

Baadaye kidogo akasema kama anaongea na gari: gesi ilikuwa inasukuma. Upepo nao unasukuma. Si kama ile, lakini unasukuma.

Amekwenda kwa Kenyi anayeziba tairi, kuomba pampu ya mguu ya lori. Kituo cha petroli mashine ya upepo imekufa tangu mwaka jana.

Ee Mola, ufanye upepo utoshe.

Ijumaa, 10 Machi

Tumepampu tangu alfajiri. Tahiru akichoka, mimi. Mimi nikichoka, nanyonyesha, narudi.

Draku alitutazama kwa muda, anakula muhogo. Halafu akasema, "Mama Amuna, mimi si mujinga. Gari mzima hawatii pampu kwenye kopo." Nikamwomba, kaka, una mama nawe. Akavua shati ya jeshi, akaitundika kwenye mti wa papai, akaigeuza mgongo. "Sasa serikali haioni," akasema, akapanda juu ya pampu. Ana mguu kama wa ng'ombe yule mtu.

Sindano ya kipimo cha pampu ilifika themanini. Tisini. Ngozi ya pampu ikapasuka. Tahiru akakata kiatu chake cha kushoto, akatengeneza ngozi nyingine. Mia. Mia na kumi. Zaidi haikubali, hata Draku akiruka. Karatasi inataka mia mbili.

Akaijaribu. Alirudi ananionyesha vidole. Mashimo kumi, inagonga mara moja. Nikamshika shingoni mbele ya Draku, sikujali.

Alasiri upande wa kushoto ukaanza tena, ko, ko. Upepo unatoka. Nilikuwa na kipande cha mwisho cha sabuni, cha nepi za Amuna, nikakisugua kwenye maji, tukapaka valvu. Povu dogo likapanda, likapasuka, likapanda. Tahiru akafunga kofia ya valvu ya baisikeli na uzi na mpira. Povu likaacha. Tukatazama mpaka sabuni ikakauka. Halijarudi.

Draku akasema bila kututazama: "Mutu akitoka hapa jua likianguka, na mtoto mgongoni, kabla ya jogoo yuko ng'ambo ya mpaka. Mimi najua njia ya Vurra. Shangazi yangu iko kule, hana maneno mingi."

Tahiru akasema, "Na mama yangu yuko Koboko. Wakinikosa mimi, watampita?"

Draku akavaa shati yake. Nilimchukia Tahiru kidogo. Halafu nikaenda kumfulia shati ya kesho kwa yale maji ya sabuni.

Jumamosi, 11 Machi

Kapteni alifika saa moja. Suti nyeupe, miwani. Askari wawili wakafunga riboni mbele. Akabonyeza buti kwa mikono miwili, ikashuka, ikapanda, ikatulia. Akabonyeza tena. Nilikuwa nahesabu pumzi za Amuna.

"Mzuri," akasema. Tahiru akarudi nyuma hatua moja, mikono nyuma, kama mtu aliyemaliza.

Kapteni akafungua mlango wa upande wa pili. "Fundi. Ingia."

Tahiru akasema nguo yake ni chafu, Afande, itachafua kiti. Kapteni akacheka. "Wewe hukukaa jeshi? Aliyefunga, anapanda. Ndiyo sheria ya gereji yetu. Kama iko mzuri tutacheza ngoma pamoja Koboko."

Draku alinieleza baadaye ni kweli, kambini hata lori la maji likitengenezwa, fundi anapanda safari ya kwanza. Ikianguka, naye anaanguka. Hivyo hakuna fundi anayeacha nati. Alinieleza kama kunituliza. Kwa nini hakuna aliyetuambia Jumatatu?

Tahiru alipita karibu nami kuchukua kofia. Pampu ya Kenyi ameiweka kwenye buti, nyuma ya mikebe, nimeifunga kwa kanga yangu ile ya njano. Kama Kapteni atasimama kukojoa, labda Tahiru atapata nafasi ya kupampu. Alimgusa Amuna kichwani. Kwangu alisema, "Umesoma vizuri." Basi. Akaingia. Kiatu kimoja kizima, kimoja kimekatwa.

Kapteni akamwambia Draku, "Wewe baki na mama mtoto." Nikaelewa sasa kinacholindwa: si gari, ni sisi.

Saa nne. Nimepika maharage. Sijui nampikia nani. Nimekumbuka sufuria ya Norah, nikatoa nusu, nikairudisha. Watu wawili. Watatu na Draku.

Saa sita. Kwa kasi ile wangekuwa wamefika tangu asubuhi. Huenda anacheza ngoma na shati yenye mafuta. Huenda Mariam Poni amemwona, amempa chai, anamuuliza mjukuu ana meno mangapi. Nasema hivi na Amuna anasikiliza. Upande wa kulia sikuupaka sabuni kabisa. Kwa nini sikuupaka.

Saa nane. Mvua imepiga upande wa Koboko, kule mbinguni ni kweusi. Draku ameacha kutania. Anafagia ua, askari mzima. Palepale gari ilipokuwa pana matone ya mafuta mawili. Ameyafunika na udongo kwa mguu, akidhani sioni.

Saa kumi. Lori imesimama barabarani, imetoka upande wa Koboko, matope mpaka kwenye madirisha. Injini haikuzimwa. Dereva simjui. Anauliza watoto nyumba ya fundi ni wapi. Draku amekwenda. Wanasema chini-chini, nimesikia neno moja, fundi ametuma. Ametuma! Mtu anayetuma yuko hai. Nimeliandika haraka kabla halijaharibika. Ametuma nini? Nimeuliza kutoka mlangoni, dereva ameangalia chini. Draku anarudi mbio. Anasema Mama Amuna, funga mtoto mgongoni, vaa viatu, sufuria acha hapo hapo motoni, maana fundi ametuma neno: shokapu zimekufa njiani, twende Vurra leo hii, yeye tusimngojee.