Nilimuua Mke Wangu Kwenye Wimbo, Sasa Anataka Kiti cha Mbele

Mpendwa Bi Verna,

Mimi ni Delmus Caudill wa huku bondeni, msomaji wa safu yako ya ushauri gazetini, mzee wa miaka themanini, shule niliacha darasa la sita kwa hiyo nukta na mikato utaziweka mwenyewe, na shida inayonifanya nikuombe msaada ni kwamba mke wangu ni mzima.

Si kwamba nalalamika. Unaujua ule wimbo wangu wa kiti cha kubembea, huku milimani kila mtu anaujua, ulipigwa redioni mwaka 1972 mpaka santuri zikachakaa, ndio ulionitoa kwenye mgodi wa makaa nikazunguka na gitaa kutoka Tennessee mpaka Ohio, nikaimba kwenye maghala ya tumbaku na maonyesho ya ng'ombe na mara moja kwenye mazishi ya mtu nisiyemjua. Ni wimbo wa mwanamume aliyefiwa na mkewe Orlena. Sasa Orlena ndiye mke wangu, na siku nilipoutunga alikuwa kakaa mezani mbele yangu anavunjavunja maharagwe mabichi. Nilikwama ubeti wa tatu. Nikampeleka mke wa kwenye wimbo kwa mama yake, haikunoga, nikamtorosha na muuza Biblia, haikunoga, ndipo Orlena akasema bila kuinua macho, "Si uniue tu, Delmus, chakula kinapoa. Sema kiti chake kinabembea na upepo haupo." Nikaandika, tukala.

Kosa nililifanya redioni. Mtangazaji aliniuliza kwa sauti ya kanisani, "Ndugu Caudill, haya yalikukuta kweli?" Bi Verna, sikusema uongo. Nilivua kofia tu, nikatazama sakafu. Yeye akalia, fundi wa mitambo akalia, barua za pole zikaja kwa magunia. Tangu hapo nikienda kuimba mbali Orlena hubaki ndani ya gari anafuma soksi, maana marehemu hawezi kuonekana anakunywa soda pembeni ya jukwaa. Hapa nyumbani watu wanajua, wananitania dukani, "Delmus, marehemu hajambo?" nami nasema hajambo, kaniagiza unga.

Mambo yaliharibika mwezi wa tano, Jumapili ya kupamba makaburi. Tumepanda kilimani ukoo mzima, tumefyeka, tumeweka maua, vyakula vimetandazwa kwenye nyasi, mara wanatokea mtu na mkewe kutoka Indiana na shada kubwa, wanaulizia kaburi la Orlena. Ningefanya nini? Nikanyooshea kidole jiwe la kaburi la shangazi Hassie ambalo herufi zake zilishafutika. Wakapiga magoti. Kumbe Orlena yuko nyuma yangu na sufuria la kuku. Akawapakulia. Yule mama akafuta machozi, akamuuliza, "Wewe ulimfahamu marehemu?"

"Kidogo," akasema. "Alikuwa na mume mjinga. Ongeza mchuzi."

Tukaingia kwenye gari, tukavuka daraja. Halafu akasema, "Jumamosi ya kwanza ya Septemba wanakupa heshima mjini, jukwaa linapewa jina lako. Nitakaa kiti cha mbele. Ukinificha tena, utarudi ukute kiti kinabembea kweli, mimi niko Ohio kwa dada yangu."

"Orlena, watu watanicheka."

"Mimi nimekufa miaka hamsini, wewe unaogopa kicheko?"

Hatanii, Bi Verna, sanduku kalishusha kutoka darini. Na watu wanakuja kutoka majimbo manne waliolia na wimbo huo maisha yao yote. Nimewaza nimtambulishe kama dada yangu. Nifundishe namna ya kumwambia hivyo bila kurushiwa kitu, maana akiondoka sitajua hata miwani yangu iko wapi, na mkate wa mahindi wa mtu mwingine siuli.

Delmus Caudill

JIBU LA BI VERNA

Mzee Delmus, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka paka akatoka nje. Mara ya pili niliacha kucheka.

Dada yako? Mama wa watu kakaa ndani ya gari nusu karne anafuma soksi, ambazo bila shaka unazivaa wewe, na sasa umpandishe cheo awe dada? Huo ni uoga, nawe umeuvisha kofia.

Hofu yako naielewa. Watu walikupa machozi yao, unaona ukiwaambia ukweli watayadai. Hawatayadai. Watacheka, ndiyo, na wana haki ya kucheka dakika tano, kisha watataka kumshika mkono. Lakini tazama ulichoniandikia mwenyewe, ukakipita mbio ukaenda kula. Ule mstari wa kiti na upepo, ambao hata mimi umeniliza nikipiga pasi, ni wa nani? Si wako. Mkeo hadai kufufuka tu. Alikutungia sehemu tamu kuliko zote za wimbo wako, nawe ukamlipa kaburi la shangazi.

Basi fanya hivi. Leo, kabla hajafunga sanduku, nenda jikoni umwombe radhi, bila gitaa. Kesho piga simu kwa wale wa kamati, jina la Orlena Caudill liandikwe kwenye lile jukwaa kando ya lako. Wale wa Indiana waandikie ukweli, na maua usiyaondoe, shangazi Hassie hajawahi kuletewa mazuri kama yale. Jumamosi ikifika, kabla hujagusa nyuzi, vua kofia, kwa kuwa hilo unaliweza, ila safari hii useme maneno: mke wangu ni mzima, yule pale, na mstari unaowaliza alitunga yeye. Ubeti wa tatu ukifika, funga mdomo, aimbe mwenyewe.

Na kile kiti cha kubembea kipakie kwenye gari. Kiweke katikati ya jukwaa, karibu na kipaza sauti, wakione watu wote wa majimbo manne kinavyobembea huku mwenyewe, Orlena, akiwa amekikalia.