Mlango wa Karakana Nilioufunga Mwenyewe

Mpendwa shemeji,

Naandika kwa kalamu, kisha nitaipiga picha karatasi hii nikutumie, maana simu yako huko kwenye barafu inapatikana kama mvua ya Julai. Kwanza habari njema: karakana yangu hapa Wetherill Park, Australia, imefurika. Wanafunzi ishirini na wawili! Wengine nawarudisha nyumbani wakilia.

Umeamini? Basi bado wewe ni yuleyule mjinga aliyemwoa dada yangu. Wako wawili, na mmoja huja kunywa chai.

Walianza tisa. Chama chetu cha Warundi kiliazimwa kona ya ghala, mwenyekiti akanikabidhi ufunguo mbele ya kanisa zima, nifundishe useremala kwa mbao za paleti za kubebea mizigo zinazotupwa hapa. Sasa anautaka ufunguo wake Jumapili ya mwisho wa mwezi. Anasema watu wetu hawataki ufundi, afadhali kona itunze viti vya harusi.

Unakumbuka darasa letu kule kambini Kigoma? Ulikuwa msaidizi wa mwalimu, na ile saa yako isiyo na mkanda uliibeba mfukoni kama yai. Saa mbili kamili, komeo. Mimi, niliyeishia darasa la nne, nikichelewa napita dirishani. Siku moja nilinasa, nusu ndani nusu nje. Hukunivuta. Ulinipa msasa na kiti, ukasema, "Anza na kilicho mbele yako." Nikasugua nikiwa nimening'inia, na dada yangu anapita nje akiangalia matako ya kaka yake. Nadhani ndipo alipokupenda.

Halafu wewe Kanada, mimi Australia, kama nguo za marehemu zinavyogawanywa. Ukanipigia kwamba umepata kazi ya kufundisha useremala kwenye kijiji cha Wainuit, wenyeji wa kaskazini ambako miti haioti. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ukanieleza kuwa kijiji chenyewe ndicho kilichotaka mafunzo hayo: nyumba chache, watu wamejazana, na wamechoka kungoja mafundi wa kusini waje, wajenge, waondoke. Mbao zinaletwa na meli wakati wa kiangazi. Ukikata vibaya, subiri mwaka mwingine. Wazee wao wanakaa darasani, lugha ni yao, na anayehitaji mkalimani ni wewe mwalimu.

Na wewe ukawapelekea komeo lako lilelile.

Kulungu wa kule walipopita, darasa likabaki tupu. Ukajaza daftari: hayupo, hayupo, hayupo. Siku ya tatu akaingia bibi mmoja, akaweka pande la nyama iliyoganda juu ya daftari lako. "Hapa ndipo walipokuwa, mawindoni," akasema kupitia mkalimani. "Hilo ni fungu lako." Akatoka. Uliniambia ulikaa ukaitazama ile nyama, ukakumbuka siku ya mgao wa chakula kule kambini, ambapo hata wewe na saa yako ulifunga darasa ukakimbia na gunia.

Nami nikakucheka. Nikakwambia umelainika, fundi gani anapangiwa ratiba na wanyama.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Kuna Jeanine, mama wa watoto watatu, anatunza wazee kule Fairfield. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mama, useremala wa nini na kucha hizo?"

"Mzee, miaka minane nainua watu vitandani, mgongo umeniisha. Nataka kuinua kitu kisichonipiga teke."

Nilipanga darasa lianze saa kumi kamili jioni. Mwezi uliopita akachelewa mara ya tatu, nami nimeshafunga. Akagonga. Mimi niko ndani, nimekalia paleti, kikombe mkononi. "Mzee, natoka shifti sasa hivi, walinipigia asubuhi." Nikanywa funda. Nikaona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango, kikangoja, kikaondoka. Nikajiona fundi mkubwa.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta Cabramatta sokoni, ananunua sombe, majani yaleyale ya muhogo ya kwetu.

"Mbona hatukuoni?"

"Mlango wako si ni saa kumi kamili?"

"Ndiyo."

"Basi kazi yangu haina kamili, mzee. Simu ikilia nisiende, wiki ijayo hawanipigii. Watoto wangu wale maranda?"

"Na wenzako?"

"Hivyo hivyo. Ulidhani tumelala?"

Akacheka, akanichagulia sombe nzuri, akaondoka. Bora angenitukana.

Ni siku ya mgao, shemeji. Kwa hawa kila siku ni ya mgao, na saa hawaijui. Kulungu wa huku wanalia ndani ya simu. Wewe uliletewa nyama; mimi niligongewa mlango, sikufungua. Mikono yangu bado inaweza kazi. Kilichochoka ni moyo wa kuanza upya, maana nimeanza upya nchi tatu, na kila nikianza nakuta mjinga wa kwanza ni mimi.

Tangu Jumatatu mlango uko wazi kutwa nzima. Mwenye nusu saa aje na nusu saa yake. Jana Jeanine alikuja na sare ya kazi, akakata mguu mmoja wa stuli, simu ikalia, akaenda. Nimeuandikia jina lake kwa penseli. Mwenyekiti akapita, akauona. "Mzee wangu, stuli haisimami kwa mguu mmoja."

Hapo nakuhitaji. Ule mlango wa kanisa la kambini uliougeuza bawaba, mchungaji akakwama ndani na ibada imekwisha, nani alisema ni kazi yake? Mimi. Dada yangu hadi leo ananiita fundi wa kufungia wachungaji. Nimeubeba ujinga wako muda wote huu, shemeji. Nirudishie wema kidogo tu: mpigie mwenyekiti kabla ya Jumapili ile, aniachie ufunguo. Mimi hanisikilizi, anajua shule yangu iliishia wapi. Mweleze habari ya yule bibi na nyama yake, polepole, kwa sauti ya mwalimu. Na iwe simu ya video, uwe umevaa lile koti lako la manyoya.

Ni mimi shemeji yako mkubwa, ambaye hujawahi kumwamkia ipasavyo.