Mukeke wa Mwezi Mpevu

Wifi Mariamu,

Utanisamehe mwandiko huu mbaya. Ulikuwa ukinitania kwamba mwalimu mstaafu huandika hata orodha ya vitunguu kama cheti cha ndoa. Leo ungecheka.

Tangu tulipokuzika Rumonge, miezi minne sasa, mambo hayajaharibika. Nakuambia hili kwanza ili utulie. Binti yako Zuhura ndiye anayeendesha kibanda chetu hapa Kajaga. Jumapili watu wanatoka mjini, wanavua viatu, wanakaa mchangani wakingoja samaki wetu mukeke wa kuchoma na ndizi. Ameongeza meza mbili upande wa ziwa. Kiti chako hakuna anayekikalia, ila yule paka mwekundu, na nadhani ulimruhusu. Mimi nimekabidhi jiko. Moyo umechoka, daktari hafichi tena, nami siogopi. Lakini kuna neno moja siwezi kuondoka nalo.

Unaikumbuka sheria yako. Wavuvi wetu huwavuta samaki kwa taa. Mwezi ukijaa, taa haina kazi, nyavu zinarudi tupu. Wiki hiyo ulifunga kibanda, tukapanda kamiyo ya mizigo kwenda Rumonge kwa dada zako, tukaoga ziwani kama wasichana, sisi na mvi zetu. Mteja akilalamika ulimjibu: "Mi siuzishi samaki ya zamani. We unataka mukeke leo? Nenda umuombe mwezi."

Wiki mbili baada ya bendera mpya ya uhuru kupanda, mji ukiwa bado unajizoeza kuitwa Bujumbura, mwezi ulijaa, nawe ukaenda Rumonge peke yako. Mimi nilibaki na homa. Asubuhi akaja fundi cherehani wa Buyenzi, koti la kuazima mgongoni, na nyuma yake wakwe saba kutoka Gitega, watu ambao hawakuwahi kuliona ziwa. Alikuwa amewaahidi mukeke wa Mariamu. Akaninong'oneza: "Mwalimu, nikirudisha hawa na njaa, mke nimekosa."

Nikawaambia wakatembee ufukweni hadi alasiri. Nikatoa wale mukeke wakavu wa chumvi tuliojiwekea nyumbani, nikawaloweka kwa maji na ndimu, nikabadilisha maji mara tatu, nikawapitisha motoni, kisha nikawazika ndani ya nyanya, vitunguu na mawese. Mzee wao alitafuna, akafumba macho, akasema: "Kumbe samaki wa ziwa anazaliwa na chumvi yake!" Fundi alinitazama, akatafuna muda mrefu, kisha akawaongezea wakwe mchuzi. Harusi ikafungwa.

Uliporudi, sifa zilikuwa zimekutangulia. Ukauliza mukeke alitoka wapi. Nikasema mvuvi mmoja alibahatika. Ulinitazama kitambo, ukafungua kanga ya jikoni kiunoni mwako, ukanifunga mimi. "Mutu anapata mukeke mubichi na mwezi imejaa, huyo Mungu amemuchagua. Shika jiko, wifi. Mi nitakaa na wageni."

Miaka kumi na tatu nilisimama mahali pako kwa sababu ya samaki mkavu. Kila mteja aliposifu mkono wangu nilikutafuta kwa macho, nikakukuta mezani unamenya vitunguu na kumtania mtu. Najua ulifurahi kule mezani. Macho yako yalipona moshi, na watu walikuja kwa ajili ya masihara yako zaidi ya samaki wangu. Hilo linanifariji. Halinisafishi.

Halafu zile siku zako za mwisho. Ulikuwa huli kitu. Nikakuuliza unatamani nini. Ukasema: "Nipikie mukeke ya ile wakati ya bendera." Nikaitika. Nimefika mlangoni, ukaongeza taratibu: "Usisahau kuloweka."

Mukeke mbichi halowekwi, wifi.

Ulijua. Labda tangu siku ile ya kanga. Ulinifungulia mlango, nami nikajifanya sikusikia. Nikakuletea uji. Ninajutia hilo kuliko wakwe wa Gitega, kuliko hata jiko. Ulitaka tucheke pamoja mara moja ya mwisho, na mimi nikakuletea uji.

Basi jibu langu hili hapa, limechelewa: ndiyo, nililoweka. Mara tatu.

Wiki ijayo mwezi unajaa. Zuhura alitaka kibanda kibaki wazi, kwa kuwa wateja wamezidi siku hizi. Nimemwomba afunge, na nimemweleza kwa nini, yote, bila kuficha. Alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko ni chako kabisa. Nilifumba macho nikakisikiliza.

Tutakwenda Rumonge kwa gari la mumewe, polepole, tukisimama kila ninapochoka. Mukeke wa chumvi nimekwisha kuwanunua, wamo kwenye kikapu chini ya kitanda, na chumba kizima kinanuka. Nitawaloweka mwenyewe. Tutakula mchana, nyumbani kwa dada zako, na wao pia nitawaambia.

Pumzika, wifi. Nakuahidi kitu kimoja: nikikufikia, nitaifungua kanga hii ya jikoni na kukurudishia. Jiko ni lako. Nipe kisu na vitunguu, nitakaa na wageni, japo masihara sijui.

Wifi yako,
Mwalimu