Kula ya Wafagiaji

Jumatatu, 3 Juni
Ndizi zimeshuka kutoka Tukuyu, mikungu mingine imepondeka. Nimezipanga hivyo hivyo, mbovu chini. Sokoni kwetu Soweto leo baridi ya kukata masikio. Nimevaa sweta mbili. Wateja wananiuliza mwanangu Daktari hajambo kabla hawajauliza bei. Najibu hajambo. Sijui kama hajambo. Lusajo amerudi nyumbani kugombea udiwani, analala chumba chake cha zamani, lakini mwanangu simwoni. Anatoka kabla ya chai. Gari analoendesha si lake. Nimemuuliza la nani. "La rafiki, mama." Rafiki gani hana jina?

Jumatano, 5 Juni
Nimefua mashati yake. Nikiwa nafua nawaza. Huyu mtoto alisomea udaktari, baba yake amekufa akijisifia. Akapata kazi hospitali huko Iringa. Wafanyakazi wenzake wakamchagua awe kiongozi wa chama chao. Nikasema sawa, ana huruma, na mdomo anao. Mwaka jana wafagiaji wa hospitali wakafukuzwa. Wanawake watupu. Kosa lao walidai glovu na mabuti. Mmoja ni Sekela, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ninaye hapa, anafulia watu nguo. Lusajo aliapa mbele yao hatapumzika mpaka warudi kazini. Alisema mpaka redioni. Sasa kimya. Ameacha hospitali, ameingia siasa, anacheka na kila mtu. Hasira yote ile imeenda wapi? Nauliza tu.

Ijumaa, 7 Juni
Sekela kaaga anaenda Iringa kumwona rafiki yake mgonjwa. Asubuhi rafiki aliitwa Neema. Wakati wa kufunga mzigo akawa Esta. Nimemfungia mahindi ya kuchemsha, ya Neema na ya Esta.

Jumapili, 9 Juni
Sekela amerudi. Anaosha vyombo anaimba. Tangu afukuzwe hajaimba. Lusajo kapita jikoni, wakatazamana, wimbo ukakatika. Nikasema, ninyi mna nini? Sekela akajibu, "Hatuna kitu mama mkubwa, labda njaa." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Jumanne, 11 Juni
Sasa najua. Bora nisingejua.
Nilikuwa naanika nguo. Baba Tumpe, rafiki wa marehemu mume wangu, ndiye anayemsimamia Lusajo kwenye kampeni. Alikuwa nyuma ya choo na simu. Alidhani ananong'ona. Kunong'ona kwa Baba Tumpe ni tarumbeta. Akasema, "Kula ya wafagiaji iko kwa Daktari. Yote. Mtu asijue mpaka siku yenyewe."
Kula yao. Riziki ya wanawake wale iko kwa mwanangu. Kumbe ndiyo ule ukimya. Ndiyo lile gari. Na Sekela naye kapewa chake, ndiyo maana anaimba.
Nilibaki nimeshika shuka mpaka maji yakanilowesha miguu.

Jumatano, 12 Juni
Nimemwangalia Lusajo anavyokula ugali. Anakula vizuri, anaomba mboga aongezwe. Mtu aliyewauza watu anakulaje? Nilitaka nimuulize. Niliogopa atanijibu.

Alhamisi, 13 Juni
Jumuiya ilikuwa kwa jirani yangu Mama Anyosisye. Kwenye maombi kila mtu anataja hitaji lake. Wengine magoti, wengine watoto wenye mitihani. Zamu yangu ilipofika mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, niombeeni mwanangu Lusajo, amekula kilichokuwa cha wafagiaji, Mungu amrudishe njiani. Wanawake wakalia na mimi. Nimerudi mwepesi. Ya jumuiya hubaki jumuiya, ndivyo tulivyokubaliana.

Jumamosi, 15 Juni
Hayakubaki. Muuza dagaa kanishika mkono sokoni. "Pole Mama Daktari. Ila umesema kweli, wewe ni mama wa haki." Mimi sijamwambia kitu huyu. Hata kwetu hasali.

Jumatatu, 17 Juni
Mkutano wa Lusajo, uwanja ulijaa. Nilisimama nyuma na kitenge kichwani. Alipoanza kuongea habari za maji, mwanamke akapaza sauti: "Daktari, tapika kwanza! Mama yako mzazi kasema umekula!" Mwingine akadakia: "Kameza kutwa mara tatu, baada ya chakula!" Uwanja mzima kicheko.
Lusajo alitafuta kwa macho mpaka akaniona. Nilijua angekataa. Hakukataa. Akasema, "Mama yangu si mwongo. Kuna kitu kakisikia vibaya, na leo siwezi kueleza." Akashuka jukwaani.
Asiye na kosa angejieleza. Hivyo ndivyo nilivyowaza, Mungu ananiona.

Jumanne, 18 Juni
Sekela kaingia jikoni, kafunga mlango. Akaniuliza, mama mkubwa, ulisikia nini hasa? Nikamwambia maneno yote kama yalivyotoka kwa Baba Tumpe. Akakaa juu ya gunia la mkaa na gauni lake safi. Akasema taratibu kama anaongea na mgonjwa:
"Kura, mama mkubwa. Ya kupiga. Baba Tumpe ni Mnyakyusa kama wewe."
Wafagiaji walikutana Iringa kwa siri. Ndiko Sekela alikokwenda ile Ijumaa. Kampuni ya usafi iliyowaajiri pale hospitali imekuwa ikiwaita mmoja mmoja wasaini kwamba waliacha kazi kwa hiari. Wamepiga kura: hakuna kusaini, waende wote pamoja kwenye usuluhishi, na wa kuwasemea ni Lusajo. Kura zote kapata yeye. Wakafanya siri ili kampuni isiwahi kuwasainisha wale wenye shida zaidi. Siku yenyewe ni Alhamisi ya wiki ijayo. Pale jukwaani Lusajo angejitetea, siri ingetoka. Na lile gari ni la kuazima tu, la kampeni.
Nikauliza, sasa mbona hamkuniambia? Akaniuliza, "Na wewe ulikwenda kusema wapi?" Jumuiya. Jibu nikaliona.
Mimi mwenyewe hiyo R hainikai. Kanisani nasema Loho Mtakatifu, wajukuu wa watu wananicheka. Kila uchaguzi nakwenda kupiga kula. Neno hili nimekaa nalo kinywani tangu utoto. Angekuwa anasemwa mtoto wa mwingine, ningesikia kura. Kwa wangu nikasikia kula, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuitafuta.

Alhamisi, 20 Juni
Jumuiya. Nimesimama nikasema nilisikia vibaya, mwanangu hana kosa. Wakaitikia amina. Mama Anyosisye akanipigapiga bega, "Mama ni mama tu." Hawakuniamini. Wanaona namkinga. Nilipomsema vibaya waliamini palepale, hakuna aliyeuliza swali.
Sekela kapigiwa simu. Habari imefika Iringa. Wanawake wawili wameshasaini. Wamesema, kama mama yake mwenyewe kasema, sisi tunasubiri nini.

Jumapili, 23 Juni
Jana watu walipiga kura. Lusajo kashindwa. Mimi nilimpigia. Baba Tumpe analia waziwazi, haniangalii.
Leo asubuhi Lusajo kaniletea chai kitandani. Yeye ndiye kaniletea mimi. Nilitaka anigombeze. Nikamwambia, nigombeze basi. Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Udiwani una siku nyingine, mama. Wafagiaji wana Alhamisi tu." Nikamwambia nitakwenda Iringa mwenyewe. Akasema nichukue sweta.

Alhamisi, 27 Juni
Iringa. Tumelala kwa rafiki wa Sekela, Neema. Kumbe yupo kweli, ila mgonjwa hajawahi kuwa.
Wanawake walikuwa nje ya ofisi ya usuluhishi, wamejikunyata ukutani wakiota jua. Waliponiona wakaacha kuongea. Nikawaambia, kamwene, salamu yao ya Kihehe, nikasema mimi ndiye yule mama. Nikaeleza yote, choo, simu, Baba Tumpe, neno lenyewe. Bibi mmoja mrefu akaniambia, hebu litamke. Nikatamka. Akasema, "Tena." Nikatamka tena, ikatoka ile ile. Akaanza kucheka, wakacheka wote, mmoja akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Bibi akasema, "Twendeni. Huyu hana ujanja wa kutunga uongo."
Wakaingia na Lusajo. Nilikaa kwenye benchi na mikoba yao yote mapajani. Jua likahama, nikahama nalo. Walipotoka, Sekela alikuwa anakimbia. Wanarudi kazini, na glovu, na mabuti.
Wale wawili waliosaini hawamo. Mmoja alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na mtoto mgongoni, anaangalia wenzake wanavyokumbatiana. Nilivuka kumfuata. Alipoambiwa mimi ni nani akageuka akaondoka.
Kila mtu anafurahi. Mimi ninayemwona ni yule mmoja wa ng'ambo.

Jumapili, 7 Julai
Sekela yuko Iringa kazini, nyumba kubwa ghafla. Lusajo kapata kazi kwenye zahanati moja Igawa, Jumapili anakuja. Leo kaja baada ya ibada. Tumekaa nje kwenye jua tunachambua mchele. Anachambua vibaya kama baba yake, mawe anayaacha. Majirani wanapita, wengine wanasalimia, wengine wana haraka.
Akasema, "Mama, kuna jambo. Ila bado ni siri."
Nikamwambia usiniambie. Mimi usiniambie kabisa.
Akacheka. Akaangalia njiani kama kuna mtu. Halafu akasogeza kigoda, akaniinamia sikioni, akaniambia.
Siliandiki hata hapa.