Mashine Zilizowekwa Ndani Kama Mwali

Jumatatu, 4 Januari 1999

Nimefagia, nimenyunyiza maji mlangoni, nimewasha kompyuta zote tatu. Ya katikati imenguruma kama kawaida yake. Nimeigonga ubavuni, imenyamaza. Mchana wa mfungo hakuna biashara ya gemu. Wamekuja vijana wawili tu wa Mtaa wa Congo, wakacheza mbio za magari kidogo, wakasema mate yamewakauka. Wameenda kulala.

Kabla ya kwenda wamenitia maneno. Eti Msimbazi kuna jamaa kafungua chumba cha gemu, mashine zake zina prosesa mpya, kitu kinafunguka kabla hujakibonyeza. Nimewaambia mimi nilikuwepo bandarini siku kompyuta ya kwanza inashushwa nchi hii. Kubwa kama lori. Tuliibeba watu wengi, wenzangu wote wakazimia njiani, nikaimalizia peke yangu mpaka getini. Wamecheka. Nani atanibishia.

Dada Mwanaidi amepita alasiri. Nyumba ni ya marehemu baba, lakini fremu hii ya duka huku mbele iko mikononi mwake, ndiye mkubwa wetu. Hakukaa. Kasema kuna mtu wa ndoo na mabeseni anaitaka. "Nakupa mpaka Idi, Shaweji. Idi ikipita humu mna nzi watupu, nampa mtu wa ndoo."

Nimemwambia Idi hii watu watapanga foleni mpaka Mtaa wa Swahili. Nimesema kwa sauti. Moyoni nimeogopa. Bila chumba hiki mimi ni mjomba wa kukaa barazani tu.

Jumatano, 6 Januari

Nimeenda kwa Maganga, Mtaa wa Aggrey. Fundi wa redio na TV, siku hizi na kompyuta. Mnyamwezi, mtani wangu, kwa hiyo salamu yetu ni matusi.

"Mzaramo, futari bado. Umekuja kuwahi nafasi?"

Nimemwambia nataka prosesa mpya, yenye kasi kuliko zote alizonazo, kwenye mashine zangu zote tatu. Ameweka bisibisi chini. Kaniuliza kasi ya nini. Gemu zangu ni zilezile za zamani, na zinachezeka vizuri.

Hapo nimemsomesha. Gari likitiwa injini kubwa linawahi kufika, haliulizi abiria ni wa zamani au wa leo. Kompyuta vilevile. Kila mwaka watatoa prosesa yenye mbio kuliko ya mwaka jana, na kila mwaka gemu zitakuwa tamu zaidi. Hata mtoto anajua.

"Injini ya lori ukiifunga kwenye cherehani, utashona?" kasema Maganga.

Mnyamwezi anajua nini cha cherehani. Tumewekeana ahadi mbele ya watu. Idi mosi chumba changu kisipojaa mpaka magharibi, Idi pili nasimama mlangoni kwake nimejifunga kanga, namwitia wateja. Kikijaa, anasimama yeye kwangu. Tumepeana mikono. Mtani harudi nyuma.

Halafu kaniuzia, maana biashara ni biashara. Anachukua matumbo ya zamani ya mashine zangu na friji langu la juisi. Na mimi napata matumbo mapya.

Kaongeza kwamba mwakani kompyuta za dunia nzima zitachanganyikiwa tarehe. Zangu hazitachanganyikiwa. Mimi mwenyewe nimezaliwa bila tarehe na sijapotea.

Jumamosi, 9 Januari

Maganga amekuja, amefunga. Wallahi zinawaka kabla sijatoa kidole. Nimepata raha mpaka nikasahau kiu.

Maganga alitaka tujaribu gemu. Nimemkatalia. Kwetu Uzaramo mwali akishawekwa ndani haonwi mpaka siku ya kutolewa. Hata baba yake hachungulii. Ukimchungulia umemwondolea heshima yake. Nimewaza usiku mzima jana na nimeona ndiyo hivyo hivyo: kitu kikifichwa, watu wanakitaka. Nimeziangusha kanga za Mwanaidi juu ya mashine, moja moja. Nimeandika mlangoni kwa chaki: WANAWALI WAKO NDANI. WANATOKA IDI.

"Hata wewe hutojaribu?" kauliza Maganga.

Hata mimi. Mila ni mila.

Alhamisi, 14 Januari

Mtaa mzima unauliza. Wanachungulia dirishani, wanaona kanga. Wanaondoka wanaongea. Yule wa Msimbazi mwenyewe kapita, kajifanya ananunua tende jirani. Nimemwona alivyonyoosha shingo.

Mtu wa ndoo naye amekuja na futi kamba kupima ukuta. Nimemshikia upande mmoja. Nimeusogeza ndani kidogo bila yeye kuona, ukuta ukawa mfupi. Lakini kaondoka anatabasamu. Sikupenda lile tabasamu.

Jumatatu, 18 Januari

Mwezi umeonekana. Kesho.

Nimenyoa ndevu. Nimewaambia wapangaji wote wa nyumba yetu wawalete watoto. Kasi itafanya kazi yake.

Jumanne, 19 Januari. Idi mosi

Naandika kwa shida.

Baada ya swala walikuwa wamejaa. Watoto wa Kariakoo nzima, mabinti na magauni ya kung'aa, wavulana na viatu vinavyowabana, kila mmoja na hela yake ya Idi ngumini. Shikamoo mjomba, shikamoo mjomba. Nimeitika marahaba mpaka sauti imekauka. Mwanaidi amesimama mlangoni na sahani ya pilau. Maganga nyuma yake. Nikatoa hotuba. Nimesema leo mtaona mbio ambazo hata Ulaya hazijafika. Nikafunua kanga.

Mtoto wa kwanza akabonyeza kuanza. Gari jekundu likaondoka. Hapana, halikuondoka. Lilikuwa hapa, halafu lilikuwa ukutani. Hatukuliona njiani. Saa ya mchezo, ile inayohesabu kurudi nyuma, ikaisha kabla sijasema bismillahi. Kioo kikaandika umeshindwa.

Nikasema hujakaza mkono. Wa pili akakaza mkono. Ukutani. Nikahamia gemu ya mpira kwenye mashine ya pembeni. Wachezaji wametapakaa kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, mpira hauonekani, mechi imekwisha. Nikaenda mashine ya tatu. Vilevile.

Kwanza walicheka. Halafu mmoja akalia. Halafu wakadai hela zao, nami nikarudisha, ngumi kwa ngumi. Mvulana mkubwa mmoja akasema "Msimbazi!" na chumba kikamwagika. Zimebaki kanga sakafuni.

Maganga hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema gemu hizi za zamani hazina saa yao wenyewe. Zinakwenda kwa mapigo ya prosesa. Aliyezitunga alizipigia ngoma ya polepole, na mimi nimeleta mpigaji mwenye wazimu. Gemu mpya zinazotoka sasa ndizo zinazoitaka kasi hii, na hizo sinazo.

"Ungeniacha nijaribu ile Jumamosi tungejua," kasema.

Mwanaidi kaokota kanga zake mbili. Ya tatu kaiacha kitini. "Hii utaihitaji kesho," kasema. Kumbe ahadi yetu imemfikia.

Aibu. Sijala pilau.

Jumatano, 20 Januari. Idi pili

Nilifikiria kujifanya mgonjwa. Lakini mjomba asiyelipa ahadi ya mtani hafai hata kuzikwa na watani.

Nimejifunga kanga kifuani, nimesimama mlangoni kwa Maganga. Aggrey imejaa watu wa sikukuu. Mwanzo niliita kwa sauti ya chini, redio redio, TV TV. Watu wakasimama kucheka. Mimi nikiona watu wanacheka, ulimi unaamka wenyewe. Nikaanza kuwasifia redio za Maganga, kwamba moja ilishika matangazo ya kesho yake. Wakajaa. Mama mmoja kanitunza kama ngoma ya arusi, kanibandika noti kichwani.

Mmoja akanizomea. "Mjomba, si wewe mwenye magari ya kugonga ukuta?"

Nikasema ndiyo mimi. Nikasema hayo magari hayakuletwa kwa watoto, wale niliwaonjesha tu. Hayo ni ya wanaume. Baharia mmoja mgeni alijaribu, akatoka na kizunguzungu mpaka leo hajapanda meli. Hakuna aliyezaliwa Bongo aliyemaliza mzunguko mmoja.

Nilikuwa nasema tu. Lakini kuli mmoja wa bandarini, mabega kama mlango, kasema, "Twende. Namaliza sasa hivi."

Wakatufuata. Mimi mbele na kanga yangu. Kuli akakaa, akabonyeza, ukutani. Wakapiga kelele mpaka bati likatikisika. Wakati anainuka mwingine amekwishakaa. Ukutani. Muuza samaki wa Feri, ukutani. Fundi cherehani, ukutani, kasema kiti ndicho kibaya. Kila mmoja anaona mwenzake mjinga na yeye ndiye atakayeweza. Mpaka magharibi hakuna aliyeweza. Foleni haikufika Mtaa wa Swahili. Lakini ilipinda kona, na Mwanaidi aliiona ikipinda.

Ijumaa, 22 Januari

Jana na leo wamejaa watu wazima. Watoto wanasimama nje wanatazama kwa huzuni. Wawili wameniuliza gari lao la zamani liko wapi.

Nimemfuata Maganga. Nimemwomba matumbo ya zamani ya mashine mbili. Alitaka nikiri kwanza kwamba kasi haina faida. Nimekataa. Kasi ina faida, ila gemu hazijaifikia, zitaifikia mwaka hadi mwaka, nami nitakuwa nimetangulia nazisubiri. Kanitazama sana.

"Mzaramo, wewe hata ukizama utasema unapima kina," kasema. Kanipa.

Friji kabaki nalo.

Jumapili, 24 Januari

Nimefagia, nimenyunyiza maji. Mashine mbili za pembeni zinakwenda mwendo wao wa zamani, watoto wamerudi. Ya katikati nimeiacha na mbio zake. Haingurumi tena.

Mtu wa ndoo alipita asubuhi. Nilikuwa ndani, nikasikia Mwanaidi anamwambia fremu ina mtu. Basi. Hakuja kuniambia na mimi sikutoka kuuliza. Nimemrudishia kanga yake, imefuliwa na kupigwa pasi. Kaitazama, kaniambia niibakize. Sijui nitaihitaji kwa lipi.

Kabla sijafungua mlango nimekaa mashine ya katikati, peke yangu. Nimekaza mkono. Ukutani. Mara ya pili nililiona gari kidogo likipita, jekundu, kama mtu anayekuita halafu anageukia kichochoroni.

Ukutani.

Wakiniuliza nitasema nilimaliza mzunguko, alfajiri, hapakuwa na shahidi.