Soma Mwenyewe

Tabata, 3 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Habari za Masasi, na goti lako? Sie wazima. Ile sidii ya "Soma Mwenyewe", programu ya kufundisha kusoma uliyoitunga mwaka 1998, fundi Fakihi kaifufua, inafanya kazi kwenye kompyuta za sasa. Nikaiweka mtandaoni watu waichukue bure, na mie naifundishia kina mama wa soko la Tandale. Mama Mauwa muuza nyanya, mtu wa miaka hamsini na mbili, sasa anaandika jina lake!

Jana ikaja barua ya wakili. Kampuni yako ya zamani ilinunuliwa na nyingine, na hao ndio wenye hakimiliki. Niiondoe ndani ya siku saba, la sivyo mahakamani. Baba, hawaiuzi tangu niko shule ya msingi. Wanalinda nini? Na wewe uliyeitunga, huna chako?

Mwanao,
Monica

Masasi, 6 Machi 2024

Marahaba mwanangu,

Goti linanisumbua mvua ikinyesha, ila natembea. Sina changu. Nilikuwa mwajiriwa, na mkataba ulisema nitakachotunga ni cha kampuni. Kuacha kuuza si kuacha kumiliki. Iondoe. Lakini hata mimi nina hamu ya kujua: wenyewe wanayo nakala? Waulize, kisha uombe kibali.

Baba yako,
Ferdinand

Tabata, 19 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Umeamkaje huko? Nimeiondoa, nikaenda Mbezi Beach kwa huyo wakili, Bwana Abdulhadi. Mpole kweli. Akapiga simu ofisi tatu za kampuni kuulizia nakala.

"Hawana," akaniambia. "Hata hawajui ilikuwa inafanya nini."

"Basi si wanipe kibali?"

Akapiga tena. Wamekataa. Wakiruhusu hii, eti wataombwa na nyingine zote. Hata darasani nisiitumie. Tuliishia herufi M, na Mama Mauwa ananiuliza, "Mwalimu, N tunasoma lini?" Nimjibu nini?

Mwanao,
Monica

Masasi, 2 Mei 2024

Marahaba Monica,

Niwie radhi kwa kimya, siumwi. Nilimwandikia Bwana Abdulhadi: kilicho chao hasa ni kipi? Akanijibu kiungwana. Ni programu ile, na maandishi na michoro yake. Kumfundisha mtu kusoma kwa kompyuta hakuna mwenyewe.

Basi Padri Gaudens ananifungulia ofisi ya parokia yenye kompyuta kila asubuhi, natunga programu nyingine. Sikunakili hata mstari. Mambo ya kompyuta yamebadilika, mwanangu. Najifunza upya, nakosea, nacheka peke yangu.

Sikuanzia A. Nimeanzia N. Mwambie Mama Mauwa inafika Jumatatu.

Baba yako,
Ferdinand