Gitaa Lililofutwa Udongo

Kwaluguru, Handeni

Mdogo wangu Faraji,

Huku hatujambo, mvua imenyesha na mbaazi zimechanua. Video ya bendi yenu tumeitazama kwenye simu yangu. Mama anauliza mbona hamcheki, na kwa nini nyaya za magitaa zinaishia majanini. Nimemwambia video za roki ndivyo zilivyo: nguo nyeusi, moshi, kutikisa vichwa, na mwishoni magitaa yanabamizwa chini.

Wenzako waliyabamiza kweli. Wewe ulilifuta lako udongo, ukaliegemeza kwenye mti, vile Baba alivyotufundisha kuweka jembe.

Baba, ambaye alikuwa hajakutaja jina tangu ulipoacha kilimo, akasema, "Rudisha hapo." Halafu akatoka kuwaita majirani: "Njooni mumwone Faraji wangu."

Dada yako anayekucheka kwa furaha,
Mwaija